Kinachonunuliwa Mara Moja
(Hotuba ya Katibu katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu cha Ushirika)



Tumepewa dakika chache za kusema juu ya matumizi ya fedha nyumbani. Hatukusudii kuwafundisha wenye nyumba mambo wanayoyajua kutushinda. Twapenda kuanza na kosa letu wenyewe.

Chama hiki kilipoanza, Halmashauri ilinunua viti vya plastiki kwa ajili ya ukumbi, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Kabla ya mwaka wa pili kwisha, vingi vilikuwa vimevunjika miguu. Tukanunua vingine, navyo vikavunjika. Tukanunua mara ya tatu. Ndipo tulipokwenda Keko kwa maseremala, tukaagiza mabenchi ya mninga. Bei yake ilikuwa mara mbili ya bei ya viti, na katika mkutano wa mwaka ule wengi wenu mlitulaumu kwa ukali. Mabenchi hayo ndiyo mnayoyakalia asubuhi hii. Viti tulivilipia mara tatu, na leo hatuna hata kimoja. Bandu bandu huisha gogo.

Jambo hili limo katika nyumba zetu sote. Ndoo hupasuka, ndala hukatika, sufuria nyembamba hutoboka kitako, na jiko la bati tupu huliwa na moto. Vikiisha kutupwa, vingine huziba mitaro ya Tandale na Mtoni, na masika yakifika maji huingia vyumbani mwetu. Vingine huchukuliwa hadi dampo la Pugu, nasi tukatoa ada ya taka. Hivyo kitu kile kile twakilipia dukani, kisha twakilipia jalalani. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wengi tulinung'unika. Kumbe vikapu vya ukindu vya mama zetu vilikuwa vikitungoja ukutani.

Lakini yatupasa kusema kweli. Mwenzetu anunuaye kitu hafifu aghalabu hafanyi hivyo kwa ujinga. Mama lishe wa Tandika ajua vyema kwamba sufuria nzito ni bora. Ila mkononi ana fedha ya sufuria nyepesi, na wateja wanangoja chakula. Kumpa mawaidha matupu ni kumdhihaki. Hapo ndipo kazi ya ushirika inapoanza. Wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, walikusudia maskini apate unga usiochanganywa, kwa mizani ya haki. Peke yake hakuna aliyeweza. Kwa pamoja waliweza.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta shauri hili: sehemu ya ziada ya mwaka huu itengwe, Chama kiagize kwa jumla sufuria nzito, majiko yenye udongo wa kuchoma na samani imara kutoka kwa mafundi wetu, naye mwanachama alipe kidogo kidogo kadiri ya mapato yake. Kila kitu kiulizwe maswali mawili kabla ya kununuliwa: Kikiharibika, fundi aweza kukitengeneza? Na mwakani, tutakinunua tena?

Ndugu wanachama, uamuzi ni wenu. Twaomba tu kwamba kabla ya kunyoosha mikono, kila mmoja aliguse benchi alilokalia.