Lulu na Utunzaji Wake

Wasikilizaji wetu, jioni hii twanena habari za lulu, zile ambazo wapiga mbizi wa Bahareni walizitafuta zamani baharini. Wengi husema chanzo cha lulu ni mchanga. Lakini mara nyingi ni kijidudu kilichomwingia chaza, au jeraha mwilini mwake. Chaza hulifunika lile limwudhilo, tabaka juu ya tabaka, kwa kitu kile king'aacho ndani ya gome lake. Kitu hicho ni jamaa ya chokaa, nacho huliwa na siki na ndimu. Twamjua bibi mmoja aliyeusugua mkufu wa marehemu mamaye kwa ndimu, upate kung'aa siku ya arusi. Lulu zikafifia, wala mng'ao haukurudi. Basi lulu huvaliwa baada ya manukato, na zikivuliwa hupanguswa jasho kwa kitambaa laini. Uzi nao tuutazame, maana huoza.