Tuhesabu Kabla ya Kulaumu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Maseno)



Tumeombwa tuzungumze juu ya usawa katika hospitali za serikali. Jambo hili ni pana, kwa hivyo leo tutalishika kwa upande mmoja tu: kuhesabu. Nani ameandikwa kazi? Nani anapandishwa cheo? Nani anahudumiwa, na nani anarudi nyumbani bila huduma?

Sisi watu wa Maseno tunakaa mpakani. Ukisogea kidogo uko Luanda, kaunti ya Vihiga. Ukirudi huku uko kaunti ya Kisumu. Mama Mnyore huja kujifungulia upande huu, na mama Mjaluo huuza omena upande ule. Ugonjwa hauulizi kaunti. Mkienda hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, mtakuta wagonjwa wa kila lugha ya magharibi wamekaa benchi moja. Lakini nafasi za kazi zikitangazwa tu, maneno yanaanza sokoni: "Wameandika watu wao tena!" Sasa tuulizane: aliyesema hivyo ameona orodha? Mara nyingi hajaona. Amesikia tu.

Maneno ya namna hii si mchezo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika nchi yetu, na hapa Kisumu majirani walifukuzwa na maduka yakachomwa. Mwaka 2008 Bunge likapitisha Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa. Sheria hiyo inasema kwamba hakuna shirika la umma linaloruhusiwa kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Yaani penye wafanyakazi 90, kabila moja lisizidi 30.

Wengine mtauliza: katika kaunti ambayo karibu wote ni wa kabila moja, itakuwaje? Ni swali zuri. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatoa kipimo kingine. Wakati wa kujaza nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia, angalau asilimia 30 ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Zikitangazwa nafasi 10, basi 3 au zaidi. Tume ya Utangamano ilipokagua kaunti na kutoa ripoti yake mwaka 2016, ilionekana kwamba kaunti nyingi hazijafikia kiwango hicho. Kwa hivyo shida hii si ya mlango mmoja.

Tena si kabila peke yake. Katiba ya 2010 inataka vyombo vya kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Bodi ya hospitali ikiwa na watu 9, wanaume wasizidi 6, na wanawake vilevile wasizidi 6. Katiba hiyo hiyo inataja asilimia 5 kwa watu wenye ulemavu katika nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa.

Kuna wanaosema, "Kuhesabu makabila ndiyo ukabila wenyewe." Sisi hatuoni hivyo. Ukabila hupenda giza. Hesabu ikiwekwa wazi, mwenye kupendelea anaonekana, na asiye na hatia anaondolewa lawama. Wengine wanasema, "Sisi tunataka daktari mzuri tu." Sisi pia! Sheria haisemi aandikwe asiyefuzu. Inasema waliofuzu wasifungiwe mlango kwa sababu ya jina la baba yao.

Lakini kuhesabu vichwa hakutoshi. Uingereza, ambako wauguzi wengi Wakenya wanafanya kazi, hospitali za umma tangu 2015 zinapimwa kila mwaka kwa vipimo tisa. Wanaangalia kama mtu mweusi aliyeitwa kwenye mahojiano anapata kazi sawa na mzungu, nani anashtakiwa zaidi kazini, nani anadhulumiwa, na nani anakaa kwenye bodi. Unaweza kukuta hospitali yenye watu wa kila aina, kumbe wengine wote wako kwenye kufagia na ulinzi. Idadi ni nzuri, mgawanyo ni mbaya.

Wagonjwa nao wahesabiwe. Hapa Maseno tuna shule ya watoto viziwi. Watoto hao wakiugua, nani pale hospitali anajua lugha ya ishara? Mwenye kiti cha magurudumu anaufikiaje mlango wa maabara? Mama mzee asiyejua Kiswahili anaelezwa dawa kwa lugha gani? Ikiwa rejista haionyeshi watu hawa, bajeti pia haitawaona.

Sasa kikundi kifanye nini? Shikeni mambo manne.

1. Andikeni barua kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti au kwa hospitali yenyewe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki hiyo, kwa Kiswahili au Kiingereza, na maombi hayalipiwi. Asiyejua kuandika, ofisa anatakiwa amsaidie.

2. Ombeni jumla, msiombe majina. Kabila la mtu na afya yake ni siri inayolindwa na sheria ya 2019. Ulizeni: walioandikwa mwaka huu ni wangapi, kwa kabila, jinsia, ulemavu na ngazi ya kazi? Ulizeni pia juu ya ripoti ya maadili ya utumishi ambayo bodi inatakiwa kuipeleka bunge la kaunti kila mwaka.

3. Wekeni nakala ya barua, yenye muhuri wa ofisi na tarehe. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Mkinyimwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, msikawie kupita siku 30.

4. Jibu likija, lisomeni pamoja na majirani wa upande wa pili wa mpaka. Msilisome peke yenu.

Hili la nne ndilo zito kuliko yote. Karatasi moja inaweza kuponya au kuchoma. Muuguzi aliyeandikwa kazi kihalali kutoka kabila lingine hana kosa lolote. Yeye amekuja kutuhudumia, na mara nyingi anahudumia wodi nzima peke yake usiku. Anayeulizwa ni ofisi iliyoajiri. Mkimgeuzia muuguzi hasira, ataomba uhamisho, na kitanda kitabaki na mgonjwa bila mtu wa kumwangalia.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Je, katika kikundi chetu chenyewe, nani anakaa kwenye kamati na nani hajawahi kuulizwa? Ni nani kijijini kwetu ameacha kwenda hospitali, na kwa nini? Nani ataandika barua, na itapelekwa siku gani?