MWALIMU MWANAFUNZI NA MITAMBO YA DARASANI

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama na binti wa mwanachama wetu mmoja, mkaaji wa Silanga, Kibera, anayesomea ualimu. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema, ila tumeyapunguza kidogo.)



Baba aliponiambia ya kwamba chama chataka niseme juu ya kufundisha kwa mitambo, nilicheka. Nilidhani mkutano huu ni wa mambo ya mishahara, na mimi ningali mwanafunzi, sijapata hata mshahara wa kwanza. Baba akasema, "Njoo tu. Watu wanauliza kama mashine itawafukuza walimu kama ilivyowafukuza makarani." Basi nitajibu kwa kadiri nijuavyo, lakini kwanza niwaeleze nilivyojifunza mwenyewe.

Wengi wenu mnakijua cheti cha P1. Tangu mwaka 2021 wanaoanza kusomea ualimu wa shule za msingi husoma stashahada, miaka 3, na kompyuta ni sehemu ya masomo hayo. Chuoni kwetu kompyuta zilikuwa chache kuliko sisi. Tulikaa watatu watatu, na yule aliyewahi kushika kibodi hakuiacha mpaka kengele. Mimi nilikuwa mtu wa kutazama mabega ya wenzangu. Nilichojua kwa kweli nilikijua kwa simu ya mama, yenye kioo kilichopasuka, usiku mama akiisha lala. Sisemi haya kwa kulaumu, nasema ili mjue ya kwamba mwalimu mpya akija na cheti si lazima awe ameshika chombo chenyewe sana.

Nikatumwa kufanya mazoezi ya kufundisha, Gredi ya 4, watoto zaidi ya 50 chini ya mabati. Somo lilikuwa safari ya maji, jinsi yanavyopanda kwa jua na kushuka kwa mvua. Nilikuwa nimeazima projekta, nimetafuta picha zinazotembea, nimekesha. Kumbe mabati yale yana matundu, na mwanga ukapenya hata picha ukutani ikawa kama kivuli cha moshi. Watoto wa nyuma wakasema, "Tichá, hatuoni." Nikahangaika kuziba matundu kwa karatasi. Kabla sijamaliza, stima ikapotea. Nilisimama pale na waya mkononi, sijui la kusema, maana somo langu lote lilikuwa ndani ya mashine.

Mwalimu mwenyeji, mama wa makamo ambaye hakuwahi kusoma kompyuta, hakunicheka. Alitoka nje akamwomba mpishi sufuria ya uji uliokuwa motoni. Akaiweka mezani, akafunua kifuniko, akakigeuza. Matone yakashuka. Akauliza, "Haya maji yametoka wapi?" Darasa zima likajibu kwa pamoja, na majibu yalikuwa ya namna kumi, mengine ya kuchekesha, lakini walikuwa wanafikiri. Mimi nikakaa kwenye dawati nikajifunza pamoja nao.

Jioni nililia kidogo, nakiri. Kesho yake yule mama akaniambia jambo ambalo chuoni sikulisikia: kitu kilichopo Silanga kitazamwe Silanga, na mashine ikalete kile kisichopo. Basi tukaenda kulitazama Bwawa la Nairobi kwa macho, na magugu maji yaliyolifunika. Lakini bahari, mlima unaotapika moto, moyo wa mtu unavyopiga, haya nikayaonyesha kwa simu, kundi moja moja, watoto 6 au 7 wakati wenzao wakiandika. Kioo kidogo hakishindwi na mwanga wa mabati.

Siku iliyowafurahisha kuliko zote ilikuwa ya ramani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka vichochoro na vyombo vya kupimia mahali, wakachora ramani ya mtaa wao wenyewe, kazi iitwayo Map Kibera. Kabla ya hapo mtu akitazama ramani aliona reli na pengo, kana kwamba hapakai watu. Niliwafungulia watoto ramani hiyo wakatafuta Silanga, Lindi, Laini Saba, wakatafuta vyoo na visima. Mtoto mmoja alibishana na simu akisema kichochoro chao hakikuandikwa. Nikampa karatasi akichore. Nadhani hapo ndipo nilipokuwa mwalimu.

Sasa juu ya serikali. Mwaka 2013 tuliahidiwa ya kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata kompyuta. Ahadi ikageuka, na kuanzia 2016 zikagawiwa tableti, zaidi ya milioni 1, katika shule za msingi za serikali zaidi ya 20,000, pamoja na projekta na vyombo vya walimu. Ni kazi kubwa, nisiidharau. Lakini sikilizeni neno hilo: shule za serikali. Watoto wengi wa Kibera, na hali kadhalika Kawangware, husoma katika shule za makanisa, za vikundi na za watu binafsi, maana za serikali ni chache na zimejaa. Hao mpango haukuwahesabu. Halafu shule zikafungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya korona, masomo yakapelekwa kwa redio, televisheni na intaneti. Wengine walirudi Oktoba, na waliobaki wakangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Nyinyi wazazi mnajua vizuri nani alisoma miezi ile na nani alichota maji.

Narudi kwa swali la baba. Je, mashine itamfukuza mwalimu?

Nitawapa mfano wa hapa hapa Nairobi. Kampuni ya Bridge International Academies ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru kwa Njenga mwaka 2009. Mwalimu wake alipewa chombo chenye somo lililokwisha andikwa, aseme nini, aulize nini, asimame wapi. Mwaka 2016 chama cha walimu, KNUT, pamoja na Education International, walitoa taarifa ya kwamba wengi wa walimu hao hawakusomea ualimu, na kwamba kazi ilikuwa nyingi na malipo madogo. Kampuni ikakana na mambo yakafika kortini. Kwa upande wa pili, mwaka 2022 wataalamu wa uchumi, mmoja wao Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, walichapa utafiti wakasema watoto wa shule hizo walijifunza zaidi ya wenzao. Nawaambia yote mawili, maana si haki kuficha upande mmoja kwa kuwa haunipendezi.

Mimi mwenyewe, siku ile stima ilipopotea, kama mtu angenipa somo lililoandikwa ningelipokea kwa mikono miwili. Mwanafunzi wa kazi huhitaji kushikwa mkono. Lakini chombo hakijui ya kwamba msichana wa dawati la pili hajala tangu jana. Na kuna jambo nyinyi mnalijua kuliko mimi, mnaofanya kazi viwandani: ujuzi ukitolewa kichwani mwa fundi ukatiwa ndani ya mashine, tajiri huanza kusema huyu si fundi tena, ni mtu wa kubonyeza kidude, na mshahara wake uwe wa kubonyeza kidude. Kwa hiyo mimi sioni ya kwamba mashine itamtoa mwalimu darasani. Naogopa itamwacha pale pale, kwa malipo ya kibarua.

Kuna aliyetuonyesha njia nyingine. Ndugu Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi huko Keriko, Njoro, alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia mwaka 2019. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na mtandao wa kusuasua. Alikwenda kwenye vibanda vya intaneti, akahifadhi masomo, kisha akayatumia darasani bila mtandao. Mimi nami hufanya hivyo. Nanunua bando la usiku, linalopungua bei, napakua ninachotaka, asubuhi sihitaji mtandao wala stima, ila betri tu.

Lakini bando hilo nalinunua kwa fedha ya nauli, halafu naenda kwa miguu. Walimu niliowakuta shuleni nao hununua kwa mishahara yao, ambayo baadhi ni midogo kuliko ya mlinzi wa usiku. Sijaona fundi wa kiwandani akinunua mafuta ya mashine ya tajiri. Walimu wa shule hizi ndogo wengi wao hawana chama, wala barua ya kazi. Kama chama chenu kitakubali, naomba wawili watatu kati yenu waje wawaeleze jinsi mkataba unavyoandikwa, na kwamba chombo cha kazi na bando lake viandikwe humo.

Na neno la mwisho ni dogo. Shule ile stima yake imefungwa vibaya, waya umepita juu ya bati bila kinga, na watoto hushika lile bati. Mwenye shule hana fedha za fundi. Najua humu ndani wamo mafundi wa stima. Mwenye Jumamosi moja ya kutupa, nitakuwa hapa mlangoni na daftari niandike jina lake.