Wakala huru au mwajiriwa?

Msikilizaji wetu wa Kahama, kijana anayesajili laini za simu chini ya mwavuli, fulana ya kampuni mwilini, mara nyingi huambiwa: "Wewe si mwajiriwa, unalipwa kamisheni." Usikubali haraka.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haiangalii jina mlilopeana, inaangalia kazi inavyofanyika. Nani anakupangia saa? Vifaa ni vya nani? Kipato chako kinamtegemea bosi huyo tu? Hata ukiwa umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, hilo peke yake linatosha uchukuliwe kuwa mwajiriwa, mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Mwajiriwa ana likizo ya malipo ya siku 28 kwa mwaka, na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Wakala huru wa kweli hana hayo, nauli ya kwenda Bulyanhulu ni yake, ila anaweza kuuza laini za kampuni tatu kwa mpigo. Wapo wanaopenda hivyo, na ni haki yao.

Ukiachishwa kazi isivyo halali, wahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Meseji za bosi za kukupangia zamu usizifute, ni ushahidi wako.