Nafasi ya Nne Kitaifa: Ina Maana Gani kwa Ndoo ya Maji Kitongojini?

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri ya Wilaya mbele ya mkutano wa wakazi wa kata, kama yalivyoandaliwa kwa ajili ya jarida hili.)



Katika mkutano mmoja kama huu bibi mmoja alisimama, akaniuliza hivi: “Mwanangu, karani wa sensa alifika kwangu na kishikwambi chake. Nilimtajia wote waliolala kwangu usiku ule, hata mjukuu wa siku nne. Sasa nasikia redioni Morogoro ni ya nne kwa wingi wa watu. Mbona ndoo yangu ningali naijaza kule kule korongoni?” Siku ile sikuwa na jibu la kumridhisha. Ninayoyasema leo ni jitihada ya kumjibu yeye, na kila mwenye swali kama lake.

Tuanze na hiyo nafasi ya nne. Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mkoa wa Dar es Salaam uliongoza kwa watu 5,383,728, ukafuatiwa na Mwanza wenye 3,699,872, kisha Tabora wenye 3,391,679. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa wa nne kwa watu 3,197,104. Katika sensa ya mwaka 2012 tulikuwa watu 2,218,492, na nafasi yetu ilikuwa ya sita. Kwa hiyo ndani ya miaka kumi tumepanda ngazi mbili.

Lakini ngazi hizo mbili hazilingani. Ya kwanza tumeipanda kwa kuupita mkoa wa Kagera, ambao mwaka 2012 ulituzidi na mwaka 2022 ukawa na watu 2,989,299. Hilo ni ongezeko la kweli. Ya pili tumeipanda kwa kuupita mkoa wa Mbeya, na hapo pana jambo la kutazama. Mwaka 2016 Mbeya iligawanywa, ukazaliwa mkoa wa Songwe. Ukiijumlisha mikoa hiyo miwili leo unapata watu zaidi ya milioni 3.6, na Morogoro inarudi nafasi ya tano. Mpaka uliochorwa upya mbali na hapa ulitupandisha ngazi, wala hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa Morogoro kwa sababu ya mpaka huo.

Nasema haya si kwa kuidharau sensa. Nafasi katika orodha hutegemea mahali mpaka ulipopita, ilhali mahitaji ya watu hayaujui mpaka. Mkoa wetu una zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Ukiwagawa watu wote juu ya eneo hilo utapata kama watu 45 kwa kilomita moja ya mraba, na mgeni anaweza kusema ardhi bado tele. Mwambieni mgeni huyo apande Kinole au Matombo, aone jinsi shamba la ukoo lilivyogawanywa kwa wajukuu, mgomba kwa mgomba. Kisha ateremke barabara kuu ya Dar es Salaam, apite Mkambalani na Mikese, aone vigingi vya viwanja vilivyosimama mahali palipokuwa na mihogo.

Tuiache orodha ya mikoa, tushuke nyumbani. Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu 315,866 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilikuwa na 471,409. Hilo ni ongezeko la takribani nusu ya idadi ya awali, sawa na asilimia 4 na ushei kwa mwaka, wakati kasi ya taifa ni asilimia 3.2. Wilaya yetu, inayopakana na mji huo na kubeba sehemu kubwa ya milima ya Uluguru, ilitoka watu 286,248 ikafika 387,736.

Mji huu ulianza kuvuta watu zamani. Mwaka 1871 Henry Stanley alipita hapa akiwa safarini kumtafuta Livingstone, akaukuta mji wa Simbamwenni uliozungushiwa ukuta. Alikadiria kuwa ulikuwa na nyumba kama elfu moja, na watu kati ya 3,000 na 5,000. Reli ya Kati ilifika mwaka 1907. Baada ya Uhuru vilikuja viwanda, na mwaka 1984 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria, na safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro sasa huchukua chini ya saa mbili. Mtu anaweza kufanya kazi kule na kujenga huku. Anapotafuta kiwanja cha bei nafuu haulizi kama yupo manispaa au wilayani. Huuliza kama gari linafika.

Ndiyo maana kata zetu za pembezoni mwa mji zinaishi maisha ya mji huku zikipangiwa huduma kama vijiji. Na kata za mlimani zinawapoteza vijana wanaoteremka, ilhali zimebaki na kazi ya kuyalinda maji wanayokunywa waliotangulia kuteremka.

Sasa nirudi kwenye ndoo ya bibi. Tofauti kati ya sensa hizo mbili katika wilaya yetu ni watu 101,488. Ukiwagawa kwa siku za miaka kumi unapata karibu watu 28 kwa siku, waliozaliwa na waliohamia, baada ya kuwatoa waliofariki na waliohama. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja cha kuchotea maji vijijini kihudumie watu wasiozidi 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400 kukifikia. Watu 28 kwa siku maana yake ni watu 250 kila baada ya siku tisa. Kwa kipimo hicho, katika miaka hiyo kumi wilaya yetu ilihitaji kituo kipya kila baada ya siku tisa, yaani zaidi ya vituo 400, na hivyo ni kwa ajili ya ongezeko peke yake. Hatujamhesabu bado aliyekuwa akingoja maji tangu kabla ya mwaka 2012.

Hii ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu langu. Mradi unaweza kukamilika na foleni isipungue, kwa kuwa kisima kilichowatosha watu wa mwaka ule kilipangwa kwa watu wa mwaka ule. Ni hivyo hivyo shuleni, ambako kiwango ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada. Watoto wameitikia wito, na vyumba tunavijenga tukiwa nyuma yao.

Sehemu ya pili inatuhusu sisi watumishi, na sipendi kuikwepa. Sensa hufanyika kila baada ya miaka kumi. Katikati yake tunatumia makadirio, na makadirio hayawezi kuona kitongoji kilichochipuka jana baada ya shamba moja kukatwa viwanja. Mipango inapoanza kuandaliwa, idadi inayofika mezani kwetu mara nyingi ni ile ya zamani. Tukiomba vituo viwili mahali panapohitaji vitano tunapata viwili, na lawama inayofuata ni halali.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la watu ni rejesta ya wakazi inayotunzwa kijijini. Naomba hapa nizungumze na pande zote mbili. Mwenyekiti wa kitongoji, mgeni akihamia mwandike, na mtu akizaliwa au akifariki andika. Mwananchi, ukijenga na kuhamia usingoje kutafutwa; nenda ujitambulishe, na wanao uwaandikishe. Wapo wanaoogopa kwamba kuandikwa ni mlango wa michango. Rejesta haikuwekwa kwa ajili hiyo, na kiongozi anayeitumia hivyo anaua imani ya watu anaowaongoza. Matokeo yake tunayaona: kaya zinajificha, idadi inapungua katika karatasi, na huduma inapungua katika ardhi.

Idadi hiyo ikishakuwa sahihi, ina njia yake. Huibuliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata na kufika katika vikao vya Halmashauri, ili iingie katika bajeti ya mwaka unaoanza tarehe 1 Julai. Kwa maji ya vijijini, hufikishwa pia kwa wenzetu wa RUWASA na vyombo vya watumia maji. Anayekuja na hoja mwezi Mei, vitabu vya bajeti vikiwa vimekwisha kuandikwa, amechelewa kwa mwaka mzima.

Sehemu ya tatu ni ardhi, nayo ndiyo inayonikosesha usingizi. Fedha ikikosekana mwaka huu, inaweza kupatikana mwaka ujao. Eneo la shule likishauzwa, halirudi. Nimefika katika kijiji kimoja ambacho fedha za madarasa zilikuwa zimekubaliwa, lakini shule haikuwa na hatua kumi za kupanuka, kwa sababu pande zote zilikuwa zimekwisha kujengwa. Waliouza hawakuwa waovu. Kila mmoja aliuza kipande chake kwa haja yake, na hakuna aliyeketi kuvijumlisha vipande vyote.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji dhamana ya kuisimamia ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji, na uamuzi mkubwa hurudi katika mkutano mkuu. Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 inawapa uwezo wa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Kwa hiyo, kabla kiwanja kingine hakijauzwa, ketini muamue: shule ya pili itakaa wapi, zahanati wapi, makaburi wapi, barabara itapita wapi, na chanzo cha maji kitaachwa na nafasi gani. Kuhusu chanzo cha maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kusema: shughuli za binadamu zisizoruhusiwa zikae mita 60 kutoka ukingoni.

Najua neno “mpango” lina historia katika milima hii. Serikali ya kikoloni ilileta mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi bila kuwasikiliza. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliukataa kwa nguvu, nao ukafa. Mmomonyoko uliotajwa ulikuwepo kweli. Walichokataa wazee wetu ni kuamuliwa. Ndiyo maana leo siji na ramani mkononi. Ramani ni yenu, mtaichora katika mkutano wenu, na wataalamu wa Halmashauri watakuja kuwasaidia kupima.

Watu wa mlimani wasidhani mambo haya ni ya watu wa bondeni. Mto Ruvu, unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam na Pwani, unaanzia Uluguru. Mto Ngerengere unaojaza bwawa la Mindu, tegemeo la manispaa, nao unashuka kutoka milima hii hii. Mkulima wa Kinole anayepanda karafuu au pilipili manga chini ya miti, badala ya kuchoma mteremko, anachangia maji ya watu asiowajua. Ni haki yake kudai kwamba anayelinda chanzo naye afikiwe na bomba.

Ndugu wananchi, kwa kasi ya sasa wilaya yetu itakuwa na watu mara mbili katika muda wa miaka 23 hivi. Yule mjukuu wa siku nne aliyehesabiwa mwaka 2022 atakuwa wakati huo kijana anayetafuta pa kujenga. Sensa ijayo, ya mwaka 2032, itatupa nafasi nyingine katika orodha, ya nne au ya tatu. Bibi yake hataiuliza nafasi hiyo. Atauliza kama kituo cha maji kipo ndani ya mita 400, na kama lile eneo la shule bado lipo.

Basi jibu langu kwake ni hili. Bibi, kuhesabiwa kwako hakukupotea, kulikupa hoja. Hoja hiyo haitembei peke yake kutoka kitongojini hadi kwenye bajeti. Inahitaji rejesta iliyo sahihi, mkutano wenye akidi, eneo lililotengwa, na sisi watumishi tusioificha idadi iliyo kubwa kuliko fedha tuliyonayo. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Njooni katika mkutano ujao, na jambo la kwanza mliombe muonyeshwe rejesta: kitongoji chenu kina watu wangapi leo?