Nguvu ya Maji ya Bahari: Je, Yatufaa?

Somo la leo ni juu ya nguvu ya bahari. Huenda mtauliza, "Sisi wakulima wa mpunga chini ya milima ya Upare, bahari yatuhusu nini?" Subirini kidogo, tuyafuate maji.

Maji ya Mto Mkomazi huingia katika Mto Pangani. Huko Hale, tangu mwaka 1964, maji hayo huzungusha magurudumu ya chuma yanayofanya umeme, kisha hushuka baharini. Kazi hiyo ni njema, lakini ina udhaifu mmoja mnaoujua: mvua ikikosa, mto hupungua. Miaka ya 2006 na 2011 ukame ulipunguza maji ya mabwawa, na nchi nzima ikaona mgawo wa umeme.

Bahari haingoji mvua. Mwezi huyavuta maji yake, na jua husaidia. Katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huja bamvua. Katikati yake huja maji mafu. Mvuvi wa Pangani aweza kukwambia leo saa ya maji kujaa juma lijalo.

Nguvu hiyo hupatikanaje? Ikumbukeni ndiva ya wazee wenu. Hufungwa usiku, maji ya kijito yakajaa; asubuhi hufunguliwa, yakateremka mashambani. Wafaransa walifanya vivyo hivyo mahali Mto Rance unapoingia baharini. Walijenga ukuta wenye milango. Bahari ikijaa, maji huingia. Ikipwa, hubaki juu nyuma ya ukuta, kisha hutolewa kupitia magurudumu 24. Kituo hicho kilianza mwaka 1966, nacho kina uwezo wa megawati 240. Hale ina megawati 21.

Basi mbona tusijenge Tanga? Sababu ni kimo. Kule Rance maji hupanda kama mita 8 kwa wastani. Kwetu, hata siku za bamvua, ni kama mita 4. Ndiva yenye eneo lile lile, kimo kikiwa nusu, hupata nusu ya maji, nayo huanguka nusu ya urefu. Kwa hiyo nguvu yake ni robo tu. Tena ukuta waweza kudhuru mikoko, ambamo samaki hukulia. Iko njia nyingine: kuweka magurudumu chini ya maji bila ukuta, yazungushwe na mkondo. Lakini yataka mkondo wenye mbio, na chumvi hula chuma.

Hata hivyo tusiidharau bahari. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya huo ulipoharibika, kisiwa kilikaa bila umeme huo kwa miezi mitatu hivi, kuanzia Desemba 2009. Pampu za maji zilisimama, watu wakahangaika na ndoo. Kwa watu wa visiwani, hata umeme kidogo wa hapo hapo ungekuwa akiba.

Basi bahari yaweza kuwa msaidizi. Haitachukua mahali pa mito yetu. Anayetunza chemchemi ya Upare hutunza pia taa ya mtu wa mbali.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini bahari haipungukiwi na nguvu wakati wa ukame?
2. Ndiva na ukuta wa Rance vinafanana wapi, na vinatofautiana wapi?
3. Sisi wa Kihurio tufanye nini ili Mkomazi usikauke?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.