Fundi wa Mshale na Amana Yake



Ndugu zetu Waislamu wa Handeni na Korogwe, Mtume Muhammad (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ametufundisha kwamba kwa mshale mmoja watu watatu huingizwa Peponi: aliyeutengeneza kwa nia ya kheri, aliyeurusha na aliyempa mrushaji. Tazameni aliyetajwa mwanzo. Si shujaa, bali ni fundi.

Kazi yake ni ya subira. Huingia porini akachagua ufito wa mkole ulionyooka, unene wa kidole cha mwisho, usio na kifundo wala tundu la mdudu. Huumenya gome, akauacha ukauke kivulini, kisha huupasha moto na kuunyoosha ungali na joto, akiutazama kwa jicho moja toka mwanzo hadi mwisho. Manyoya matatu huyatoa katika mabawa ya upande mmoja, ili yote yapinde namna moja. Uti ukiwa laini mno au mgumu mno kwa upinde wake, mshale huenda kando ijapokuwa mrushaji ana shabaha.

Kwa nini tuyaseme haya msikitini? Kwanza, uti wenye ufa huweza kuvunjika unapoachiwa, ukachoma mkono ulioshika upinde. Anayeuficha ufa kwa rangi akauza, ameghushi, na Mtume (s.a.w.), alipotia mkono katika lundo la nafaka akakuta maji chini yake, alimkana mwenye kughushi.

Pili, ni suala la halali. Adiy bin Hatim (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya silaha ya mti ya kuwindia. Akajibiwa kwamba kilichochomwa kwa ncha kiliwe, na kilichouawa kwa kupigwa ubavuni mwa mti kisiliwe. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi mshale uliopinda waweza kumlisha mtu haramu.

Vijana wetu, uwindaji bila kibali na silaha zenye sumu vimekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Shabaha yenu na iwe gunia la majani makavu, wala si kuku aliyefungwa, jambo ambalo Ibn Umar (r.a.) alilikemea vikali.

Jicho la mnunuzi halioni kila ufa. Mwenyezi Mungu auona. Atujaalie tuwe mafundi waaminifu. Amin.